Nani Aliiua Nyundo ya Ikasi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi ambayo mtu akiitaja huguna kwanza, Chuo cha Ufundi Ikasi kilikuwa na timu ya mpira iliyoitwa Nyundo. Nyundo iligonga, ikaponda, ikasaga. Watani wao wa jadi, Chuo cha Kilimo Mlowasi, walikuja Ikasi wakiimba, wakarudi kwao kimya.

Mbele ya lango la chuo alikaa fundi baiskeli, Mzee Chilongani. Hakusoma chuo hicho wala kingine. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Lakini Nyundo ilikuwa timu yake. Hasira yake ilikuwa karibu kama kiberiti mfukoni. Nyundo wakifunga bao la kuotea, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusimama: "Kaotea huyo! Msitutie aibu!" Washabiki wenzake walimzomea. Hakujali. "Nyama ya wizi," aliwaambia, "hailiwi mlango ukiwa wazi."

Basi Nyundo ikaanza kufa. Timu haifi kama kuku, timu hufa kama mti: juu umekauka, chini watu bado wanasema upo. Kombe likapotea. Kifungo cha kutocheza kikaja. Kifungo kikaisha, nguzo za magoli hazipo uwanjani. Uwanjani wakabaki mbuzi, na Mzee Chilongani Jumamosi alasiri akawa anaketi na spana mkononi, anasikiliza ule ukimya. Alichoka. Hata kugomba alichoka, na mtu wa hasira akichoka kugomba, ujue amefiwa.

Ndipo watani wakaja kuzika.

Mtani hazikwi bila mtani, hiyo ni desturi. Mlowasi walikuja wamebeba gogo la mpapai, wamelivisha jezi kuukuu ya Nyundo, wanalia kwa kicheko. Mbele yao alitangulia Shigela, mshangiliaji wao mkuu, kajifunga kanga kiunoni kama mama mfiwa. Wakachimba shimo katikati ya uwanja. Walipotaka kushusha gogo, Shigela akajitupa shimoni.

"Hazikwi mtu!" akapiga kelele. "Wafiwa, semeni kwanza, mtani wetu kafa kwa nini? Mmempa sumu?"

Watu wakacheka. Mkuu mpya wa chuo naye akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Swali zuri," alisema. "Kuna watu watatu hapa wanataka timu ifufuke, na kila mmoja ameapa hafanyi kazi na aliyeiua. Basi atajwe leo. Aliyeiua asiiguse tena, wawili nitawapa timu na uwanja. Msipomtaja kabla shimo halijafukiwa, uwanja huu napanda alizeti."

"Atamke Mzee Chilongani!" Shigela akasema toka shimoni. "Huyu hata kwa timu yake hakusema uongo."

Mzee Chilongani akainuka polepole. Magoti yalimuuma. "Semeni," akawaambia wale watatu. "Semeni mnyooke."

Wa kwanza kusimama alikuwa Kocha Senyagwa.

"Mimi nilileta mamluki. Ndiyo! Nilimchukua mponda kokoto wa sokoni, nikamchezesha kwa jina la mwanachuo Danieli. Lakini wanachuo wenyewe walikuja mazoezini wakipiga miayo, na nyie mlikuwa mnataka makombe. Mlipokuwa mnambeba begani, nani aliniuliza huyu anasoma darasa gani? Mzee, hata wewe ulimshangilia."

"Sikujua!"

"Ungeuliza, ungejua."



Hapo kila mtu akaikumbuka ile fainali. Mwamuzi alikuwa akiita majina, mchezaji mmoja mmoja. Akaita, "Danieli!" Kimya. Akaita tena, "Danieli!" Yule mponda kokoto akageuka, akatazama nyuma, akasema kwa sauti ya kusaidia, "We Danieli, unaitwa!" Uwanja mzima ulicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi ya Ikasi hayakukauka.

Yoramu akasimama. Siku ile alikuwa nahodha. Sasa ni mwalimu msaidizi hapo hapo chuoni. Mama yake ni dada wa Mzee Chilongani, na mzee ndiye aliyemlea.

"Mwamuzi aliniuliza mimi: huyu ni Danieli? Ningesema ndiyo, tungecheza. Nilisema siye. Tukanyang'anywa fainali, tukafungiwa. Wenzangu waliniita muuaji, wengine hawaniamkii hadi leo. Lakini mjomba, kweli ile sikuitoa mfukoni mwangu. Nani alinifundisha?"

"Ulijua tangu lini kwamba ni mamluki?" Mzee aliuliza.

Yoramu akainamisha kichwa. "Tangu mechi ya kwanza, mjomba."

"Ukanyamaza?"

"Tulikuwa tunashinda."

Mwalimu Foibe wa karakana hakungoja kuitwa. Alikuwa na mikono yenye makovu ya kuchomelea vyuma.

"Nilikata magoli, na nitayakata tena," alisema. "Timu imefungiwa, nguzo zinapata kutu, na bwenini wasichana wanalala sakafuni, wanaumwa na nge. Nikatengeneza vitanda. Njooni mniambie ni nani kati yenu angemnyang'anya mtoto kitanda ili aangalie goli tupu!"

"Ila kifungo kilipoisha," Kocha akadakia, "vijana walikuja kukuomba magoli mengine. Ukawaambiaje?"

"Niliwaambia wakasome."

"Vyuma vilikuwepo?"

"Vilikuwepo. Nilikuwa na hasira. Sikutaka kuona mpira wa waongo."

"Uwii!" Shigela alilia shimoni, na safari hii hakukuwa na kicheko ndani yake. "Jamani, nifukuliwe au nifukiwe? Mlowasi tumebaki bila wa kumtania. Tukishinda sasa hivi, tunamshinda nani?"

Mkuu akashika beleshi, akachota udongo. Watu wote wakamtazama Mzee Chilongani. Alimtazama kocha, ambaye bila yeye hakuna anayejua kufundisha mpira Ikasi. Alimtazama mwalimu, ambaye bila yeye hakuna atakayechomelea magoli. Akamtazama mpwa wake, ambaye bila yeye hakuna atakayeiamini Nyundo tena. Akafungua mdomo, yeye aliyekuwa hakosi neno, na neno likagoma. Udongo wa kwanza ukadondoka shimoni.

Haya, nyie mlioketi na kusikiliza, msimwachie mzee peke yake, amechoka. Mmoja aliuanzisha uongo, mmoja akaulea kisha akaufichua, mmoja akakinyima uhai kilichokuwa bado kinapumua. Je, ni yupi kati yao aliyeiua Nyundo, akae kando? Nanyi mngekuwa Chilongani, mngemtaja nani?