Mimi Nilianza!

Palikuwa na tajiri katika mji wa Mwambweni, jina lake Khelef, aliyetaka kila kitu kipya mjini kiwe chake. Si kukinunua. Kiwe chake tu, bure.

Na njia aliijua. Desturi ya mji ule, mtu akibuni kitu alikipeleka barazani kwa Sultani siku ya Ijumaa. Mpiga mbiu akauliza, "Nani alianza?" Pakiwa kimya, mbunifu alipewa muhuri, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kutengeneza kitu kile. Bila muhuri, hupati mtaji hata wa kununulia msumari. Sasa Khelef alikaa mstari wa mbele, tumbo limetangulia, na kila kikiletwa kitu alidakia: "Mimi nilianza!" Fagio la mpini mrefu, yeye. Chungu chenye masikio, yeye. Babu mmoja alipoleta mkongojo wa kukunja, Khelef aliapa kwamba aliubuni angali tumboni mwa mamake. Na Sultani akampa muhuri. Kwani halua ya ikulu ilitoka kwa nani? Haya.

Basi mjini alikuwapo Mize, muuza wali wa nazi, maskini wa mali lakini si wa mdomo. Mgongo ulimchosha kwa kuinamia mbuzi ya kukunia nazi, akabuni mbuzi ya kuzungusha kwa mguu. Unakanyaga, nazi inakunika, wewe unaendelea kusengenya. Wanawake wa mtaa walipoiona walipiga vigelegele, kila mmoja akataka yake. Mize hakuwa na cha kununulia chuma. Akaenda kwa Khelef, maana tajiri mwingine hakuwapo.

"Nitakupa nyumba bure ya kufanyia kazi," Khelef akasema, "chakula bure, na mlinzi mlangoni."

"Na wewe utachukua nini, bwana?"

"Faida tutaigawa mafungu kumi. Tisa yangu."

"Na hilo la kumi?"

"Tutazungumza."

"Basi baki na nyumba yako, bwana. Mimi nabaki na mbuzi yangu."

Ijumaa ikafika. Mize hajaitua hata mbuzi chini, sauti ikalia: "Mimi nilianza!"

Sultani akamwambia Khelef aikalie, aonyeshe inavyofanya kazi. Jamani, mtu yule jikoni hajawahi kutia mguu! Akaikalia upande wa meno. Aliruka yeye, joho likabaki. Baraza zima likaangua kicheko, Sultani akacheka hadi akafuta machozi. Kisha muhuri akampa Khelef.

"Bwana Sultani," Mize akasema, "mwambie basi afute neno lake."

"Neno likisemwa kwenye baraza langu halifutwi. Aliyedai kitu, ni chake, pamoja na yote yatokanayo nacho."

Mize akarudi nyumbani akalia, akalia kweli, maana mbuzi ile ndiyo ilikuwa tumaini lake lote. Alipochoka kulia akaanza kufikiri. Ijumaa iliyofuata akatokea barazani mikono mitupu, anatabasamu.

"Leo umeleta nini?" Sultani akauliza.

"Nimeleta kazi mpya, Bwana. Haitaki chombo."

Khelef akajiweka sawa kwenye kiti, kwa taabu, kwani kidonda kilikuwa hakijapona.

"Mwenye kazi hii," Mize akaendelea, "halowi jasho."

"Mimi nilianza!"

"Ngoja, bwana, sijamaliza. Unaingia kwa watu mikono mitupu, unatoka umejaa."

"Mimi! Mimi nilianza!"

"Huenda yupo aliyekutangulia."

"Nani huyo?" Khelef akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mji huu hakuna aliyeifanya kabla yangu, wala anayeiweza kama mimi! Naapa mbele ya Sultani!"

Mpiga mbiu aliyekuwa amefungua mdomo akaufunga.

"Basi ni yake," Sultani akasema. "Kazi yenyewe inaitwaje?"

"Wizi, Bwana."

Kilemba kikamshuka Khelef hadi puani.

"Nafuta neno!" akapiga kelele. "Bwana, nafuta! Sikuanza mimi!"

Sultani akamtazama. Akalikumbuka fagio, akakikumbuka chungu, akaukumbuka mkongojo wa babu wa watu.

"Halifutwi," akasema, akamnyang'anya muhuri wa mbuzi, akampa Mize mkononi.

Askari walipomsogelea, Khelef akaanguka miguuni pa muuza wali. "Mize, dada yangu, niokoe! Sema kazi hii ni yako, tugawane!"

"Tugawane nini, bwana? Mafungu yote kumi ni yako. Nyumba bure, chakula bure, na mlinzi mlangoni."