Kamera Isiyoona Usiku

Nawaletea kesi iliyonishinda mwenyewe. Sogeeni, wadogo kwa wakubwa, na msiamue mapema, kwa sababu atakayeamua katikati atalazimika kuamua tena mwishoni.

Palikuwa na ndugu watatu waliozaliwa nyumba moja, kwenye mteremko wa mlima, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Aikande, wa kwanza, alijua kununua. Aliweza kuingia duka lenye vitu mia akatoka na kile kimoja kinachofaa, kwa bei ambayo mwenye duka aliijutia hadi jioni. Penieli, wa pili, alijua kuweka. Alikuwa fundi umeme, na taa aliyoifunga yeye ilimulika pale hasa mtu alipotaka kuona. Haika, wa mwisho, alijua kutazama. Alifundisha darasa la pili lenye watoto themanini na wawili, na alimtambua kila mmoja kwa mgongo.

Baba yao, Mzee Kaanaeli, alikuwa mpima ardhi mstaafu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mkewe, Ndeonasia, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama ilivyo desturi ya huko. Marehemu aliacha masufuria saba. La kwanza lilipika wali wa watu mia mbili, la mwisho lilitosha chai ya kikao, na kila moja alikuwa ameligonga jina lake ukingoni kwa msumari na nyundo. Harusi, kipaimara, msiba, watu wote wa mtaa waliyaazima. Katika siku zake za mwisho alimwambia mumewe jambo moja juu ya vyombo hivyo.

"Usiyagawe. Yakae chini ya mkono mmoja. Mtu akifiwa asizunguke nyumba tatu kutafuta sufuria."

Mzee alikubali. Ilikuwa ahadi ya mwisho kumpa.

Miezi minne baadaye sufuria la nne halikuwepo.

"Baba, si uliwaazima wanakwaya?" Aikande aliuliza kwenye simu.

"Sikumbuki kuwaazima."

"Umechoka, Baba. Msiba unachosha kichwa."

Mzee akaenda kuwauliza wanakwaya. Wakatazamana, wakamjibu kwa upole mno. Mwezi uliofuata likapotea la pili, kisha la sita. Haika akampeleka kwa daktari wa magonjwa ya kusahau, naye akamwomba ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mzee akaitaja yote bila kukosea. Daktari akasema hata hivyo waendelee kumwangalia. Aliporudi nyumbani alibandika karatasi ukutani: miwani iko wapi, dawa ziko wapi, kisu kiko wapi. Mtu aliyepima mipaka ya vijiji kumi na vinne sasa alikuwa anapima mahali pa miwani yake.

Lilipotoweka sufuria la kwanza, lile kubwa, aliwaita watoto wake watatu.

"Kama ni kichwa changu, nataka kujua. Kama ni mtu, nataka kujua. Nunueni kamera, iwe ya bei tunayoiweza. Atakayenifikisha kwenye ukweli, masufuria ya mama yenu yatakuwa chini ya mkono wake, yote, yaliyobaki na yatakayopatikana."

Aikande akashuka mjini. Muuzaji alimwonyesha seti ya kamera nne za waya na kisanduku cha kurekodia. Akauliza umeme ukikatika inakuwaje. Ikawa inazimika pamoja na taa. Akaonyeshwa nyingine ya laini ya simu, akauliza inakula bando kiasi gani kwa mwezi, akairudisha mezani. Mwishowe akashika kamera ndogo yenye betri, inayohifadhi picha kwenye kadi yake yenyewe, isiyodai intaneti wala malipo ya kila mwezi.

"Hiyo usiku haioni, dada," muuzaji alisema. "Ongeza kidogo uchukue hii, gizani inaona hadi panya."

"Panya sina shida nao."

"Mwizi gani anakuja mchana?"

"Kaka, unauza au unahoji? Nifungie hiyo."

Akaipata kwa nusu ya bei ya zile nyingine. Bila yeye, mzee angenunua kisanduku kinachozimika umeme ukikatika, na huko kwao unakatika siku nne kati ya saba.

Penieli akaja na ngazi. Baba yake alitaka kamera ikae getini, itazame barabara. Penieli alizunguka nyumba mara moja tu, akaenda hadi jiko la nje, akaificha ndani ya tenga kuukuu la kutagia kuku lililoning'inia chini ya paa, ikitazama kijia cha migombani.

"Huko kuna nini?" baba aliuliza. "Kuku na migomba."

"Niamini, Baba."

"Kuku akiikalia je?"

"Basi tutaangua kamera mbili."

Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kama kamera ingekaa getini, ingerekodi wiki mbili za watu wanaopita na ng'ombe. Bila Penieli isingeona kitu.

Baada ya wiki mbili Haika akaleta kompyuta ya shule. Picha zilikuwa za saa nyingi, na mzee akashauri waanze siku ya kwanza. Haika akasema, "Tuanzie Alhamisi." Alhamisi ndiyo siku ambayo mzee huenda kliniki kupimwa presha. Na ndivyo ilivyokuwa: saa nne na dakika kumi asubuhi, mtu akatoka jikoni amejifunika sufuria la tatu kichwani kama kofia, uso wote umo ndani. Akafika kwenye kaburi la Ndeonasia, akasimama, akainamisha kichwa, sufuria nalo likainama. Kisha akapita kwenye kilango cha miti, akakifunga kamba nyuma yake.

Mzee aliitazama picha hiyo mara tatu asimjue mtu.

"Angalia mikono, Baba," Haika alisema. "Anafunga kwa mkono wa kushoto. Mafundo mawili, la pili chini ya la kwanza. Ni baba mdogo."

Alikuwa Elifasi, mdogo wake mzee wa tumbo moja. Elifasi ndiye aliyeshika msalaba siku ya mazishi. Ndiye aliyekuwa akimsindikiza kaka yake kila Alhamisi hadi barabarani, akimbebea mwavuli, akimwambia apumzike, asijali nyumba.

Elifasi hakukana. Alikuwa ameyauza masufuria kwa mpishi mmoja wa sherehe mjini, na mpishi, alipoonyeshwa picha na jina kwenye ukingo, aliyarudisha kwa Elifasi na kudai pesa zake. Elifasi akayaleta mwenyewe kupitia kijia kile kile, mchana, moja baada ya jingine, na majirani wakiona.

"Yalikaa tu, kaka," alisema. "Niliona hayana mwenyewe."

"Yana mwenyewe. Unampita kila unapokuja."

Masufuria yakawa saba tena.

Jumapili watoto wakaja kusikia nani atayachukua. Walikaa jikoni wakitaniana.

"Bila kamera yangu mngekuwa mnamfukuza jini," Aikande alisema.

"Kamera yako ingekuwa bado ndani ya boksi," Penieli akamjibu. "Wewe kazi yako ilikuwa kugombana na muuzaji."

"Na nyote wawili mngekuwa na picha nzuri ya sufuria linalotembea," Haika akasema.

Mzee Kaanaeli aliwaacha wamalize. Alikuwa amelala macho wazi siku tatu akilipitia jambo hili kama anavyopitia vipimo vya shamba ambalo pembe zake hazikutani.

"Aikande," alisema, "nani alikwambia mwizi haji usiku?"

Aikande akaacha kucheka.

"Penieli, nani alikwambia hapiti getini?"

Penieli akatazama mikono yake.

"Haika, nani alikwambia Alhamisi?"

Yakapita maneno machache ya kuzunguka, kisha yakaisha. Aikande alisema kwamba mwezi wa tano alikuja kumsalimu baba yake asimkute, akamkuta baba mdogo akivuka migombani na kitu kikubwa ndani ya gunia. Alimwuliza. Baba mdogo akasema ni cha kulishia ng'ombe, na Aikande akachagua kuamini. Penieli alisema alialikwa harusi mjini, akapakuliwa wali kutoka kwenye sufuria lenye jina la mama yake ukingoni. Alimaliza sahani, akamwuliza mpishi amelinunua kwa nani, akatajiwa baba mdogo. Kesho yake akamfuata baba mdogo, baba mdogo akalia, akaapa kuyarudisha, akamwomba asiseme. Haika alisema yeye alimkuta humo humo jikoni, Alhamisi, kabla ya yote, likiwa limepotea lile la nne tu. Baba mdogo alimwambia ametumwa na mzee. Haika alijua si kweli.

"Ulikuwa unajua," baba alisema, "uliponipeleka kwa daktari."

"Ndiyo, Baba."

"Nilitaja miezi kurudi nyuma, umekaa pembeni yangu."

Penieli ndiye aliyejibu kwa niaba yao.

"Baba, nani angeanza? Jina la baba mdogo ukishalitamka, hulirudishi mdomoni. Ukoo ungegawanyika, na angeulizwa aliyesema. Ulipotaja kamera kila mmoja wetu alishukuru. Kamera haina ukoo."

"Kwa hiyo mlitafuta kitu kiseme badala yenu."

"Ndiyo."

"Na mpaka kipatikane, mimi niwe mgonjwa."

"Kila mmoja alifikiri ni yeye peke yake anayejua," Aikande alisema taratibu. "Kama tungejua wote tunajua, labda."

Mzee aliinuka. Angeweza kusema hakuna anayestahili, lakini ahadi kwa Ndeonasia haikuwa na kifungu hicho. Aliwatazama: mmoja alinyamaza kwa kuamini uongo aliotaka kuuamini, mmoja kwa kumhurumia aliyelia, mmoja kwa hofu, naye ndiye aliyenyamaza muda mrefu kuliko wote, na ndiye mwishowe aliyefungua mdomo akalitaja jina.

Wakati huo mama mmoja jirani akabisha hodi. Kanga ameifunga kiunoni, macho mekundu. Baba mkwe wake alikuwa amefariki alfajiri, na watu walikuwa wameshaanza kujaa uani.

"Poleni na mazungumzo," alisema. "Nimetumwa masufuria. Tangu mama atutoke hatujui tunamwomba nani. Ni nani sasa?"

Watoto wote watatu walimtazama baba yao. Mzee alikuwa ameshika ufunguo wa jiko mkononi.

Hapo ndipo kesi iliponifikia, na hapo ndipo ninapoiacha. Msiniambie wote walikosea, hilo hata mzee alilijua. Wala msiniambie ayagawe, mmesikia ahadi. Bila Aikande hakuna picha, bila Penieli picha ni ya barabara, bila Haika picha ni ya mtu asiye na uso. Na bila ukimya wa hao hao watatu, baba yao asingebandika karatasi ile ukutani. Mama wa watu amesimama mlangoni, ana msiba, na anahitaji jibu sasa. Wewe uliyesikiliza hadi hapa, ungeuweka ufunguo mkononi mwa nani?