Jina la Bustani ya Maparachichi

Hapo zamani, si zamani ya mababu, maana mimi Ambakisye nilikuwepo na jembe langu, alifika kwenye shule yetu ya sekondari huku milimani Rungwe binti wa chuo, Subilaga, kufanya mazoezi ya kufundisha kilimo. Alipewa wiki nane. Wiki ya mwisho msimamizi wa chuo angekuja kumpima kwa kazi moja: kubebesha maparachichi. Miche ikishika, ni mwalimu. Ikikauka, basi.

Kubebesha ni kukata kikonyo, yaani kijiti chenye macho, cha mparachichi mzuri, kukipachika juu ya mche wa kienyeji na kukifunga kwa utepe. Kikonyo hukaa kwenye kitambaa kibichi mpaka dakika ya kupachikwa. Kwetu kila mkulima anajua. Lakini Subilaga chuoni alifundishwa jambo jingine: zana za kufundishia ziwe mezani mapema, zimepangwa. Wiki ya kwanza, siku ya somo la kubebesha, akavipanga vikonyo arobaini tangu asubuhi, juu ya kitambaa cheupe kikavu, dirishani penye jua. Kipindi kilikuwa saa nane mchana.

Wakaviona watu watatu.

Akaviona Mwalimu Mwaisumo, mlezi wake wa mazoezi. Akasema, "Zana zako zimependeza, mwalimu." Akaenda kunywa chai.

Nikaviona mimi, mtunza bustani. Nikajua vinakufa. Mungu anisamehe, nilinyamaza. Niliishia darasa la saba, nikasema moyoni, acha wenye vyeti waonane na jua.

Akaviona Tusekile, msichana wa kidato cha pili. Yeye alisema: "Mwalimu, mbona vijiti vimesinyaa?"

"Kaa chini, nitafika huko," Subilaga akamjibu.

Tusekile akakaa. Kufikia jioni shule nzima ilimwita yule binti Mwalimu Vijiti, na jina lilitoka kinywani mwa Tusekile.

Wiki ya tatu miche yote arobaini ya shule, iliyopachikwa vikonyo vile, ilikuwa imekauka. Subilaga akafunga begi. "Narudi nyumbani nikalime viazi."

Mwalimu Mwaisumo akalikalia lile begi. "Na viazi navyo utavipanga mezani?"

Binti akacheka huku analia. Mwaisumo akamrudisha darasani, akasimama mbele ya wanafunzi na mkuu wa shule. "Nilisifia kitambaa, sikuangalia vikonyo. Kosa ni langu, liandikwe kwangu." Likaandikwa kwake kweli, kwenye faili lake.

Hapo aibu ikanishika. Nikamfuata Subilaga. "Mwalimu, niliona nikanyamaza. Nipe adhabu."

"Adhabu yako, baba, unifundishe."

Siku nne nilimfundisha mikono: kisu kipite mara moja, magome yakutane, utepe ukaze. Alijikata kidole mara mbili. Siku ya nne sikuwa na la kumrekebisha. Ila miche ya kubebeshea ndiyo haikuwepo tena.

Akaja Tusekile anasukuma mkokoteni. Ndani mna miche arobaini aliyoiotesha mwenyewe nyuma ya jiko la mama yake. Akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu. Nimekuletea vijiti vingine. Hivi vina mizizi."

Subilaga akaibebesha yote kwa vikonyo vibichi. Msimamizi alipokuja wiki ya nane alihesabu miche thelathini na minane imechipua. Akampa Subilaga alama ambazo shuleni kwetu hakuna wa mazoezi aliyewahi kuzipata. Jumapili ile kanisani nilikaa benchi la mbele, nami si mtu wa benchi la mbele.

Mkuu wa shule akasema miche ile ipandwe iwe bustani, na bustani ipewe jina la mtu mmoja tu, yule aliyempatia Subilaga ualimu. Subilaga akatutazama. "Mimi siwezi kuchagua. Semeni wenyewe."

Mwaisumo akasema, "Nisingelikalia lile begi, mngemfundisha nani?"

Nami nikasema, "Angebaki na begi lake na mikono mitupu."

Tusekile akasema, "Shikamooni wazee wangu. Mngepachika wapi? Na siku ile ya jua, nani alifungua mdomo?"

"Ukaufungua tena kumpa jina," Mwaisumo akamwambia. Msichana akainamisha kichwa, lakini neno lake hakulirudisha.

Fundi amesimama na brashi, kibao hakijaandikwa. Enyi mnaonisikiliza, msinipendelee kwa kuwa nasimulia mimi. Mlezi, mtunza bustani, mwanafunzi: kati yetu, je, ni nani anayestahili jina lile?