Isale la Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa.

Mmejibu kama watu waliokula jana. Sogeeni. Mbonea, toa mguu kwenye jivu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanashika jembe, aliondokea Kanga, mjane mwenye vifaranga na kashamba mlimani. Shamba halikuwa na ukuta. Mpakani palisimama isale moja kuukuu, ule mmea wa majani marefu, lililopandwa na mama mkwe wake. Kwetu mnajua: pakisimama isale, jembe halipiti. Na mtu akija kukuomba kitu ameshika isale mkononi, humkatalii.

Mwaka huo dumuzi waliingia kihengeni, wakala mbegu yote. Mawingu yakaanza kujikusanya. Kanga akashuka bondeni kwa Tembo, mwenye ghala la kukopesha mbegu. Akaimba mlangoni:

*Mwenye ghala, nikopeshe, mvua iko mlimani.*
*Nikivuna nitarudisha, na kibaba juu yake.*

Tembo akauliza, "Una dhamana gani?"

"Nina shamba."

"Nani kasema ni lako?"

"Kila mtu."

"Kila mtu simjui. Niletee mmoja."

*Bibi, Tembo alikuwa na roho mbaya?*

Hapana, Nakijwa. Alikuwa ameshiba. Aliyeshiba hana haraka.

Kanga akapanda mlima, akamchukua jirani yake Kobe, aliyeliona isale likipandwa. Wakashuka wote, na mwendo wa Kobe mnaujua. Mawingu yakawa meusi. Kanga akaimba. Imbeni nanyi, msinitumbulie macho:

*Mwenye ghala, nikopeshe, mvua iko mlimani.*
*Nikivuna nitarudisha, na kibaba juu yake.*

Tembo akamtazama Kobe. "Wewe una mali gani?"

"Nyumba yangu, hii hapa mgongoni."

"Dhamana yenye miguu siichukui. Kesho nitaikuta wapi?"

"Kwa mwendo wangu, bwana, kesho utaikuta hapa hapa mlangoni pako."

Tembo hakucheka. "Nataka kitu cha shambani penyewe," akasema. "Kitu nikishike."

Kanga akawaza njia nzima. Kitu gani kinashikika, tena hakikataliwi? Alipofika akaanza kulichimbua isale.

Kobe akamwambia, "Mama Kanga, chuma jani. Shina liache."

"Jani huota popote. Mzizi ndio shahidi. Acha auone, ajue nimekaa hapa tangu lini."

Akaling'oa, akalibeba na udongo wake mpaka mlangoni kwa Tembo. Akaimba mara ya tatu, akalinyoosha kwa adabu zote. Tembo akalipapasa kwa mkonga. Akalitia kinywani. Akalitafuna, mizizi na yote.

"Chungu," akasema. "Haya, dhamana iko wapi?"

Mnacheka? Chekeni. Kanga alirudi mlimani hana jani.

Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Ngiri, jirani wa upande wa juu, alikuwa amelima kutoka kwake mpaka kizingitini kwa Kanga.

"Shemeji Ngiri, umevuka mpaka."

"Mpaka upi, shemeji? Nionyeshe, nitarudi nyuma."

Kanga akaonyesha shimo. Mvua ilikuwa imelijaza tope. Kobe akasema, "Mimi nililiona isale hapo."

Ngiri akamjibu, "Tembo mwenyewe alikukataa. Mimi nikukubali kama nani?"

Ngiri akashuka bondeni kukopa, dhamana yake shamba lake jipya, kubwa. Wakati huo alikuwa ameshalizungushia ua wa miiba, na ua Tembo aliujua. Akapewa mbegu.

Kanga akawa kibarua. Alifukia mbegu za Ngiri katika udongo wa mama mkwe wake, na vifaranga wakamfuata nyuma wakiokota zilizodondoka. Yule mdogo hakuyaona mavuno.

*Alikwenda wapi, Bibi?*

Alikufa, Mbonea. Njaa haina kwingine inakompeleka mtu.

Ndiyo maana hadi leo kanga hufukua mashamba ya wengine, analia asubuhi na jioni, nanyi mnamrushia mawe. Anatafuta lile shimo.

Basi sikieni. Ghala linalomfungulia mwenye ua peke yake humuua kwa njaa mwenye shamba. Nanyi mkienda kuomba kwa asiyeijua heshima yenu, msimpelekee mkononi. Ataitafuna, na atasema chungu.

Ngano yangu imekomea hapo. Anayetaka tamu zaidi akakope kwa Tembo.