Ng'ombe wa Magurudumu Mawili

Sogeeni karibu, na aliye mlangoni aufunge, maana hadithi hii ina baridi yake ya kutosha. Nawapa watu watatu, kamba moja na blanketi moja. Mimi nitasimulia, nanyi mtabaki na kazi.

Wa kwanza ni Lutengano, dereva wa gari la mayai. Kila wiki alipanda milimani na gari lake dogo la kijivu, trei zimejaa hadi kwenye kioo cha nyuma, na kwa miaka tisa hakuna mwenye duka aliyepokea kwake yai lenye ufa. Akiweka kikombe cha chai juu ya dashibodi mnapoondoka, chai hiyo mtaikuta imejaa vilevile mnapofika, ila imepoa.

Wa pili ni Sekela, msokotaji wa kamba za katani. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome, lakini ilisikia kuliko masikio ya wengine. Watu walikuwa wakimfunga macho kwa kitambaa siku ya gulio, wakampa ncha ya kamba na kumuuliza upande wa pili kuna nini. Sekela alishika kidogo tu. "Ndama," alisema, "na anataka kulala." Wakiangalia, ndama anapiga magoti.

Wa tatu ni Ambakisye, bodaboda wa kijiji cha Isapila. Wenzake walisubiri abiria wameegemea miti. Yeye alisubiri juu ya pikipiki iliyozimwa, miguu yote miwili imepanda, haegemei kitu, hagusi chini. Watoto walimhesabia hadi mia moja, wakachoka wao.

Sasa, katika Isapila hiyohiyo alikuwepo kijana Ipyana, aliyempenda Tumpe wa kijiji cha Lubwe, ng'ambo ya mlima Sabwe. Bibi yake Tumpe, Bibi Nsegelile, alikuwa amekubali jambo ambalo nyumba yake haikuwahi kulikubali: badala ya ng'ombe wa mahari, Ipyana alete pikipiki. Bibi aliweka masharti ya ng'ombe. Huyo ng'ombe aingie uani kwa miguu yake mwenyewe. Bwana harusi asiishike kamba. Afike siku iliyotajwa kabla jua halijazama, la sivyo lango lifungwe mpaka viazi vya mwaka unaofuata vitakapochimbwa.

Na msidhani bibi alitania. Kuna mwaka watu wa mbali walileta dume zuri ndani ya lori. Bibi Nsegelile aliinama akatazama kwato, akazikuta safi. Akasema huyu hakuja, huyu ameletwa kama gunia. Dume likarudi na lori lake, na bibi harusi akarudi jikoni, akangoja mwaka mzima.

Siku ya Ipyana ilipofika, pikipiki iliamka ikakohoa mara tatu na kunyamaza. Fundi aliifungua, akafunga tena, akafuta mikono. Injini ilikuwa imeng'ang'ana ndani, na kifaa chake kingefika baada ya wiki. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mpaka Lubwe ni kilomita kumi na nane za kupanda na kushuka, njia imelowa mvua ya usiku, na mwenye nguvu za kuisukuma kwa mikono mpaka huko kabla ya magharibi hakuwepo. Mjomba wake Ipyana, aliyekuwa mshenga, alitaja kirikuu, kile kigari cha mizigo cha jirani, kisha akajikumbusha mwenyewe zile kwato safi, akakaa chini.

Ipyana alisimama ndani ya suti yake ya kuazima, mikono imening'inia. Hapo ndipo Lutengano aliposhusha trei zake zote dukani na kugeuza gari. Alisema hana tela, na hata angekuwa nayo isingefaa. Lakini ng'ombe wa miguu huvutwa kwa kamba tangu zamani, kwa hiyo na huyu avutwe.

Wakajipanga. Ambakisye alifungua mnyororo, gurudumu la nyuma likawa huru, likazunguka bila kuijali injini iliyokufa. Sekela alileta kamba mpya ya hatua saba. Upande wa gari aliifunga kwenye ndoano iliyo chini ya bampa, fundo la kufa na kuzikwa. Upande wa pikipiki hakufunga fundo lolote. Aliizungusha mara mbili kwenye shingo, chini ya usukani, na ncha iliyobaki akaibana ndani ya kiganja cha kushoto cha Ambakisye.

"Ukiona mambo mabaya, fungua vidole," alimwambia. "Kamba itakuacha uende zako."

"Na nikifungua vidole pa kupanda?"

"Hapo utarudi Isapila kabla yetu."

Wakacheka kidogo, wakaondoka. Ipyana aliketi kiti cha mbele na kukatazwa kugusa chochote, Sekela na mjomba wakaketi nyuma.

Mlima Sabwe una udongo mwekundu ambao ukilowa huwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Gari likisimama pale haliondoki tena. Likirukaruka, kamba humpiga aliye nyuma na kumlaza. Lutengano alivua kiatu cha kushoto, akaikanyaga klachi kwa unyayo mtupu ili aisikie. Akapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtungi kichwani. Magurudumu yalitaka kuteleza, akayabembeleza. Shimo lilikuja, akaliingia polepole na kutoka polepole, na nyuma yake kamba haikutikisika hata kiasi cha uzi wa mfumaji. Mpando ulichukua saa moja na nusu. Ipyana alitazama ule unyayo ukishuka na kupanda, na baadaye alisimulia kwamba alisahau kuwa anakwenda kuoa.

Walipofika juu, ukungu uliwapokea. Mnaujua ukungu wa milimani: unakula miti kwanza, halafu barabara, halafu mkono wako mwenyewe. Kioo cha dereva kikawa cheupe. Pikipiki haikuonekana, na sauti ya Ambakisye ilimezwa na mngurumo wa gari. Sekela alifungua buti, akaketi humo akitazama nyuma, akaweka kiganja juu ya kamba.

"Wewe angalia ya mbele," alimwambia Lutengano. "Ya nyuma niachie mimi."

Alifumba macho, maana hayakuwa na kazi tena, na kamba ikaanza kumwambia. Amepinda kushoto. Ameingia kwenye shimo, ametoka. Amechoka mkono, punguza. Lutengano alitii kila neno. Kisha ghafla kamba ikalegea, ikalala chini kama kitu kilichokufa. Ipyana akapiga kelele kwamba Ambakisye ameanguka, simamisha gari. Mguu wa Lutengano ulikwisha kuigusa breki.

"Usisimame," Sekela alisema, bila kupandisha sauti. "Ongeza mwendo. Aliyeanguka angekuwa mzito. Huyu ni mwepesi, anatujia."

Lutengano akaongeza. Gurudumu la mbele la pikipiki likachomoza kutoka kwenye weupe ule, kiasi cha mkono mmoja tu kutoka magotini kwa Sekela, likabaki hapo kwa pumzi mbili, kisha kamba ikakaza na gurudumu likarudi kwenye ukungu. Mteremko ulikuwa umeanza na hakuna aliyekuwa ameuona. Lau wangesimama, chuma kingekutana na chuma, na mtu akiwa katikati.

Chini ya ukungu jua lilikuwa limekwisha kuinama. Wakashuka, Ambakisye akiiminya breki kidogokidogo ili kamba isilegee tena. Kwenye kona ya mwisho kabla ya mto walikuta ng'ombe, wa kweli hawa, wa mikia na pembe, wamelala katikati ya njia kama wenye nyumba. Lutengano alikanyaga breki. Safari hii kusimama kulikuwa lazima, na nyuma, kwenye utelezi wa mteremko, hapakuwa na pa kusimama.

Ambakisye akafungua vidole.

Kamba ilijifungua shingoni, ikaruka pembeni. Pikipiki isiyo na injini, isiyo na mnyororo, ilipita kati ya gari na ukingo, ikapita kati ya ng'ombe mama na ndama wake, na mkia mmoja ukampiga Ambakisye shavuni. Mbele yake kulikuwa na daraja, na daraja lenyewe lilikuwa mbao mbili tu, kila moja na upana wa kitabu kilichofunguliwa. Alichagua ubao wa kulia. Walioachwa juu walimwona akivuka juu ya maji kama mtu anayevutwa na kitu wasichokiona, mabega yametulia, kichwa hakigeuki. Ng'ambo alisimama. Walipowafukuza ng'ombe na kufika kwa gari walimkuta anawangoja juu ya tandiko, miguu yote miwili imepanda, haegemei kitu. Hakuna aliyehesabu.

Sekela alizungusha kamba upya. Kilomita mbili zilizobaki zilikuwa tambarare, wakazimaliza mwendo wa ng'ombe.

Lubwe yote ilikuwa langoni. Mtu mmoja alisema ng'ombe huyu hana hata kinyesi. Mwingine akamjibu kwamba atakunywa petroli na maziwa hatatoa. Bibi Nsegelile alipita katikati yao, akainama. Alitia kidole kwenye tope la gurudumu la mbele: udongo mwekundu wa Sabwe, na juu yake mchanga mweusi wa mtoni. Aliishika kamba. Kisha akatembea nje ya lango, akatazama barabarani, akaona ule mstari mmoja mwembamba uliotoka mlimani bila kukatika. Vicheko vikafa. Vigelegele navyo vikangoja.

"Ametembea," bibi alisema.

Akaagiza kigoda na blanketi. Katika nyumba ile, aliyemleta ng'ombe hukalishwa kigodani na kufunikwa blanketi alilolifuma bibi kwa mkono wake, na tangu saa hiyo ni mtoto wa nyumba: hapigi hodi, na chungu chake kimo jikoni hata mwaka wa njaa. Mtu akiisha kufunikwa, ndipo bibi harusi hutoka, na yote hayo huwa kabla jua halijazama. Blanketi huwa moja kwa kila mjukuu. Hili la Tumpe bibi alilianza Tumpe alipoingia darasa la kwanza.

"Nani amemleta?" aliuliza.

Lutengano alimwelekezea kidole Ambakisye. Alisema amebeba mayai miaka tisa, lakini hajawahi kuona mtu akibeba uhai wake mwenyewe juu ya ubao mmoja.

Ambakisye alitikisa kichwa, akamwelekezea Sekela. "Bibi, mimi nilikuwa kipofu kule juu. Nilikuwa hai kwa sababu dada huyu alinishika mkono bila kunigusa."

Sekela naye alimwelekezea Lutengano. Alisema kamba yake aliisokota kwa ajili ya ng'ombe, si kwa uzito ule, na mpandoni alihesabu mara nne ambapo ingekatika chini ya mguu wa dereva mwingine yeyote. Akavuta ncha, akawaonyesha: hakuna hata uzi mmoja uliochomoka.

Bibi Nsegelile aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Ng'ombe wa kwato huletwa na mtu mmoja," alisema. "Hutangulia kumwonyesha njia, hushika kamba, hurudi nyuma kumsimamia. Leo mtu huyo amenijia akiwa watatu."

Mshenga alipendekeza blanketi likatwe. Bibi alimuuliza kama anaijua baridi ya Lubwe, na kama theluthi ya blanketi imewahi kumfunika mtu hapa. Mjomba akakaa chini, mara ya pili siku hiyo.

Ndani, nyuma ya pazia, Tumpe amesimama, viatu amekwisha kuvaa. Langoni Ipyana ameshika mikono yake mwenyewe ili isiguse kitu. Jua limebaki upana wa kiganja juu ya Sabwe. Kigoda ni kitupu, na blanketi limekunjuliwa mikononi mwa bibi: akalishwe aliyeongoza njia, au aliyesikiliza kamba, au aliyefungua vidole?

Bibi anageuza uso wake huku, kwetu tulioketi hapa. Haraka basi, kabla jua halijazama. Wewe ungemfunika nani?