Risasi Mbili Kwenye Ungo

Mhurumia ngozi hukosa nyama. Ndivyo fundi Sado alivyomwambia mama yenu jana, mama alipomkataza asikitie mkasi kitambaa chake. Miaka minne kitambaa kimo sandukuni, panya wamekwisha kukionja, naye bado anaogopa kitaharibika! Mkacheka weee, halafu mkaja kuniuliza fundi kaitoa wapi methali hiyo. Haya, sogeeni. Menyeni karanga huku mnasikiliza, na anayekula kuliko anavyomenya namwona. Methali hii ilianza hivi.

Baba yangu, Mzee Mayunga, alimbebea bunduki bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, kwa miaka kumi na miwili, katika misitu ya miyombo kule kusini mwa Sikonge. Alipostaafu akapata bunduki yake na kibali chake. Ukoo wetu ulikuwa wa wawindaji, na desturi yetu ilikuwa moja: anayetaka kuoa kwetu alete tandala dume. Nyama iliwe harusini, na ngozi atandikiwe bibi harusi aikalie. Zamani mkwe alimwekea kijana mishale miwili kwenye ungo achague mmoja. Kwa baba yangu zilikuwa risasi mbili, na bunduki yake alikuazima. Ukichagua umechagua, hupewi nyingine, na ukirudi mikono mitupu posa imekufa.

Bibi harusi mwenyewe nilikuwa mimi, Kalunde. Msinitazame hivyo, na mimi nilikuwa na shingo nzuri!

Aliyeniposa aliitwa Nkwabi, mrina asali wa kijiji cha pili. Hapana, si babu yenu, babu yenu alikuja baadaye, tulia kwanza. Nkwabi alikuwa mrefu, mpole, na nguo zake zilinukia moshi wa mizinga ya nyuki. Nilimpenda. Nasema wazi, umri wangu huu nimwogope nani? Nilimpenda mpaka nikawa natia chumvi kwenye uji mara mbili.

Siku ya kuchagua risasi alikuja asubuhi, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chagua," baba akasema, akamsogezea ungo.

Risasi zilikuwa za bunduki ile ile, urefu ule ule. Moja ilikuwa na pua laini ya kijivu. Ya pili ilikuwa ngumu, imevikwa shaba mpaka nchani, inang'aa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na tofauti yake naijua tangu nina miaka minane. Mara ngapi baba aliniambia, nikimsafishia bunduki? Ile ya shaba ni ya nyati, mwenye mifupa minene. Ukimpiga nayo tandala, inapita kama sindano kwenye kanga, naye anaondoka na kifo chake, hujui anakwenda kufia wapi. Ya kijivu hufumuka ndani na kumwangusha pale pale, ila upande inakotokea huacha tundu la kuingia ngumi.

Nkwabi wa watu alikuwa amezoea gobore la marisau, vile vijirisasi vidogo vya kupigia kanga na kware. Risasi hizi hakuwahi kuzishika. Akaigusa ile ya kijivu, akauliza, "Hii inachana ngozi?"

"Inachana," baba akajibu. Hakuongeza neno, desturi haikumruhusu.

Mkono wa Nkwabi ukahamia kwenye shaba.

Wajukuu zangu, kikohozi kimoja tu kingetosha. Nkwabi alijua nipo pale, angenielewa. Lakini shangazi zangu walikuwa wamejaa jikoni, na binti aliyejikohoza mbele ya posa yake angeimbwa kisimani mwaka mzima kuwa ana haraka ya mume. Kikohozi kikanipanda mpaka hapa kooni. Nikakimeza.

Aliondoka, na yaliyompata porini aliyasimulia mwenyewe. Alfajiri ya kesho yake ukungu ulikuwa umelala mbugani, miti inaonekana vichwa tu, kama inaogelea. Tandala akatoka humo polepole, pembe zimejisokota, michirizi myeupe mbavuni. Nkwabi alisema ulikuwa uzuri wa kukusahaulisha ulichofuata. Akalenga, akapiga. Mnyama akashtuka, akamgeukia, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akatembea taratibu akarudi ndani ya ukungu. Hakukimbia hata kidogo. Nkwabi akadhani amekosa, mpaka alipoona tone la damu juu ya jani.

Alifuata matone siku ile nzima. Tone hapa, tone kule, halafu hakuna kitu. Siku ya tatu tai walimwonyesha njia. Fisi walikuwa wametangulia, wamekula nyama yote, na ngozi wameichana vipande vipande.

Alirudi na mkia tu. Akauweka chini mbele ya baba, akabaki ameinama.

"Alikufa lini?" baba akauliza.

"Nadhani jana, baba. Aliteseka sana."

"Ile risasi uliichagua kwa nini?"

"Niliihurumia ngozi. Sikutaka Kalunde akalie ngozi yenye tundu kubwa, watu wakamcheka."

Baba akauokota ule mkia. Jikoni nilikuwa nalia, nimejiziba mdomo kwa kanga. Ngozi yenye tundu! Ningeikalia hata ingekuwa na matundu kumi.

Ndipo baba aliposema, "Mhurumia ngozi hukosa nyama."

Nkwabi akaaga, akaenda zake Mpanda, na sikumwona tena. Maneno yale yakabaki, wawindaji wakayachukua, wakulima wakayachukua, na leo mafundi cherehani nao wanayo. Babu yenu alikuja miaka miwili baadaye, akachagua ya kijivu, na niliishi naye vizuri, Mungu amrehemu. Msiende kusema bibi analalamika.

Ila kuna jambo watu hawalijui. Wote wanadhani baba alimwambia Nkwabi. Mimi nilikuwa nachungulia pale mlangoni, na baba hakuwa akimtazama Nkwabi. Alikuwa akiutazama mlango. Alijua kwamba tofauti ya zile risasi naijua, maana ni yeye aliyenifundisha, na kwamba nimemwacha Nkwabi achague vibaya.

Basi siku nyingine tandala yule hunijia usingizini. Anatoka kwenye ukungu, ngozi yake nzima, anapita karibu na mlango wa jikoni, na kule barazani mkono wa Nkwabi uko juu ya ungo, bado haujachagua. Nami ndotoni siogopi shangazi wala kisima. Nakohoa. Nakohoa kwa nguvu zangu zote, mpaka naamka, na nyie mnakuja mbio na dawa ya kifua.

Kifua changu ni kizima, wanangu. Mwambieni mama yenu akampe fundi kitambaa chake. Mhurumia ngozi hukosa nyama.