Taa Nyeupe Kwenye Ukungu

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, kwa hiyo msikae mkisubiri sultani wala jini, palikuwa na dereva jina lake Lwitiko. Aliendesha lori la maziwa katika milima ya Itwila, kule ambako ukungu hauombi ruhusa. Kila alfajiri alipita vijijini kukusanya madumu, kisha akateremka nayo hadi kituoni kabla maziwa hayajachacha. Alikuwa na miaka ishirini kwenye usukani, hajawahi kugonga hata kuku, na alipenda sana kulisema hilo. Madereva mnawajua wenyewe.

Lakini macho yalianza kumchosha, na taa za lori lake zilikuwa za njano, hafifu. Akaenda kwa Ambakisye, fundi umeme wa magari. Fundi akamwonyesha balbu mpya, nyeupe, Lwitiko akazitilia shaka.

"Tusibishane, ndugu yangu," fundi akasema. "Tuzipime."

Ilikuwa jioni ya kiangazi, anga safi. Wakaegesha lori mbele ya ukuta wa ghala, wakafunga balbu ya njano kushoto na nyeupe kulia. Ya njano ikatoa mwanga wa kibatari. Ya nyeupe ikaonyesha nyufa, ikaonyesha mijusi, ikaonyesha hata jina ambalo mtu aliliandika ukutani kwa mkaa. Lwitiko akarudi nyuma hatua hamsini, na bado akalisoma.

"Funga zote mbili nyeupe!" akasema, akicheka kwa furaha.

Sasa, fundi alikuwa na jambo moyoni. Mwezi uliopita dereva wa lori la mbao alimrudishia balbu za namna ile akilalamika, "Kwenye ukungu zinanirudishia mwanga machoni." Fundi akafungua mdomo amwambie Lwitiko. Akaona jinsi mwenzake anavyomsifu mbele za watu, akaufunga. Alichofanya ni kuzifunga zile za njano kwenye gazeti na kumpa mkononi.

"Ziweke kwenye gari," akasema. "Huenda zikakufaa."

Kiangazi kizima Lwitiko aliona shimo, mbwa na mlevi kutoka mbali. Kisha masika yakaingia.

Nawaomba sasa mjue desturi ya milima ile. Gari likiharibika njiani, dereva hukata matawi na kuyatandaza barabarani, ili anayekuja apunguze mwendo. Gari likipona, aliyeyatandaza huyaondoa. Ndiyo desturi, na kila mtu huisifu, na wanaoifuata ni wachache.

Alfajiri moja Mbonde, dereva wa pikapu ya ndizi, aliharibikiwa kwenye kona ya mteremko. Akatandaza matawi, akatengeneza gari, likawaka. Akayatazama matawi. Alikuwa na haraka ya kuwahi gulio.

"Atakayepita atayasogeza," akajisemea, akaondoka.

Aliyepita alikuwa Anangisye, mbeba maziwa kwa baiskeli. Huyu alikuwa mwana pekee wa Mama Sekela, mjane ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Anangisye ndiye aliyekuwa maji yake, kuni zake na uji wake. Aliona matawi, hakuona gari. Akaegemeza baiskeli yake ukingoni, akaanza kuyaokota, maana hakuwa mtu wa kuruka kazi aliyoikuta njiani.

Na juu kule Lwitiko alikuwa akiteremka na taa zake nyeupe. Ukungu ulikuwa mzito. Mwanga ulikwenda hatua chache ukamrudia usoni, na mbele yake pakawa peupe kama shuka iliyoanikwa. Akazikumbuka zile balbu za njano. Zilikuwa pale pale kwenye dashibodi, ndani ya gazeti, na kuzibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Aliikanyaga hata breki. Lakini alikuwa amechelewa, na maziwa hayasubiri mtu.

"Nitabadilisha nikivuka kona," akasema, akauinua mguu.

Kona hakuivuka.

Alimkuta Anangisye chini, tawi bado mkononi. Akampakata, akilia, akimwita kwa jina lake. Anangisye hakumlaumu. Alisema tu, "Mama hajachotewa maji." Akakata roho.

Wabeba maziwa wengine walipofika, Lwitiko aliufunika mwili kwa koti lake, akawaachia. Akashuka kisimani, akajaza ndoo, akapanda nayo hadi kwa Mama Sekela. Mama alikuwa chumbani, kitandani; alisikia hatua tu, akadhani ni mwanawe.

"Umekawia leo, baba," akasema. "Mimina mtungini."

Lwitiko akamimina. Nusu ya maji ikaenda sakafuni.

"Mbona hunisalimu?"

Hapo akapiga magoti, akamwambia. Uchungu wa mama yule mimi siwezi kuusimulia, na atakayesema anaweza ni mwongo.

Siku ya kuanua matanga, wazee wakawaita Lwitiko, Mbonde na fundi, wakatamka sheria ya kijiji: aliyeondoa mkono wa nyumba, awe yeye mkono wa nyumba. Atachota maji, atapasua kuni, atamzika mama siku yake ikifika, naye ataitwa mwana. Awe mmoja tu, maana mama wa watu watatu hulala na njaa, kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda. Na achaguliwe na mama mwenyewe.

Mama Sekela akaketishwa mlangoni, ndoo miguuni pake. Lwitiko alidhani wenzake watakimbia. Hakukimbia mtu.

Mbonde akatangulia. "Mama, usiwatazame hawa. Nitazame mimi. Matawi yale niliyakata kwa panga langu. Ningeyaondoa, mwanao angepita anapiga mluzi. Alikufa akiifanya kazi yangu. Nipe ndoo."

Fundi Ambakisye akasogea. "Mama, usiwatazame hawa. Nitazame mimi. Mbonde hakujua nani atapita. Lwitiko hakujua ukungu utamfanyia nini. Mimi nilijua. Niliambiwa kwa mdomo, nikanyamaza kwa sababu ya sifa. Nipe ndoo."

Lwitiko akaja wa mwisho. "Mama, usiwatazame hawa. Nitazame mimi. Mbonde aliacha matawi, lakini matawi hayaui mtu. Fundi alinyamaza, lakini dawa alinipa mkononi, nikaenda nayo hadi kwenye kona. Nilikuwa nimekanyaga breki, mama. Nikauinua mguu. Na neno la mwisho la mwanao aliniachia mimi. Nipe ndoo."

Alipomaliza, alishtuka kujisikia. Maana alidhani anaomba adhabu, kumbe anaomba mama. Bila ndoo ile hakujua atawezaje kuamka kesho yake.

Mama Sekela akawajibu mmoja mmoja.

"Mbonde, ukinichotea maji vizuri, nitajiuliza kwa nini siku ile hukufanya vizuri. Fundi, ukinyamaza kidogo tu, nitajiuliza unanificha nini." Kisha akamgeukia Lwitiko, na machozi yakamshinda. "Na wewe, kila utakapomimina maji nitaisikia asubuhi ile. Lakini nikikufukuza, ni nani mwingine atakayeniambia mwanangu alikufa vipi, na uso wake ulikuwaje?"

Watu wakainama. Ndoo iko palepale, tupu. Jua limepanda, na mama ana kiu.

Mimi nimefika hapo mlangoni, sina ujuzi wa kuvuka. Nyinyi mliokuwa mkiguna na kutikisa vichwa tangu nilipoanza, semeni basi: kati ya aliyeacha, aliyenyamaza na aliyeinua mguu, je, nani alistahili kuishika ndoo ile na kuitwa mwanangu?